Kisu Kikubwa Hakipokezwi Mkononi

Gisenyi, 11 Septemba 2023

Kwako Mjomba Bizumuremyi,

Shikamoo.

Ninakuandikia kwa sababu moja: ninaomba unipe kile kisu chako kikubwa cha porini, chenye ala ya ngozi ya mnyama aitwaye pofu. Nimeitanguliza sababu kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwamba barua iliyoandikwa vyema hutaja lengo lake katika sentensi ya kwanza. Baada ya kuitimiza kanuni hiyo, niruhusu nirudi nyuma nikusalimu inavyopasa.

Sisi hatujambo. Mama, dada yako Mukamusoni, anakusalimu sana. Bado anashusha viazi kutoka Mudende na kuviuza sokoni. Jioni hulalamikia mgongo, na asubuhi huondoka kabla sijaamka. Amekuwa akikupigia tangu Julai bila kukupata. Ndiyo maana barua hii inasafiri na Twahir, dereva wa lori linalokwenda Kahama kupitia Rusumo. Amekubali kuacha barua zangu hapo Kasulo kila apitapo, na kuchukua majibu akirudi.

Kuhusu mimi: huu ni mwaka wa pili tangu nihitimu shahada ya utalii, na muda wote huo kazi yangu imekuwa kutoa mikoba ya wageni kwenye gari na kuifikisha mapokezi ya hoteli. Silalamiki, ninaeleza tu. Sasa imejitokeza nafasi. Bwana Karenzi, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, anaanzisha safari za miguu ambapo wageni watatembea katika vilima vilivyo juu ya ziwa na kulala kwenye mahema. Anahitaji kiongozi mmoja wa msafara. Tumebaki wawili: mimi na binti aitwaye Gwiza, ambaye tulisoma darasa moja. Mwezi Desemba atatupeleka Mudende kutujaribu, na kila mmoja ameagizwa kufika na kisu chake, kikubwa, kisichokunjwa, na kueleza kwa nini amekichagua hicho na si kingine.

Nimesoma mengi juu ya visu hivyo, na kila ninachosoma kinanirudisha kwenye chako. Ninakikumbuka tangu nilipokuwa nikiishi kwako nikisoma shule ya msingi: bapa linalozidi shubiri, mgongo mnene, ncha iliyopinda kama mdomo wa mwewe, na msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, uliopita mpaka mwisho. Ulipasua kuni nacho asubuhi na jioni ukamenya nanasi nacho, na sikuwahi kukuona ukitumia nguvu.

Kama utaridhia, Twahir anaweza kukileta.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Sano

—

Kasulo, Ngara, 9 Oktoba 2023

Mpwa wangu Sano,

Marahaba. Barua yako imefika, ingawa iliingia ndani kwanza, ndipo ikabisha hodi. Si kosa, ndivyo mlivyofundishwa.

Utaona kwamba mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni mwalimu Kabatesi, jirani yangu, kwa kuwa macho yangu yamechoka. Ana subira ya kunisikiliza. Simu iliingia maji, nami sikuona haraka ya kuitengeneza. Mtu akifika umri wangu huchoka kusema.

Huku mvua imechelewa. Migomba imesimama tu kama wageni wasiojua wataketi wapi. Mbuzi alizaa mapacha, mmoja akafa. Kaburi la marehemu mke wangu Epiphanie limepandwa nyasi upya na limependeza. Walipanda majirani.

Kuhusu kisu, umesahau mila ya nyumba hii, au chuo kimekusahaulisha. Kwetu kisu kikubwa hakipokezwi mkononi. Mwenye nacho hukiweka chini, mpini ukimwelekea anayepewa, na anayepewa huinama akaokota. Hivyo hakuna aliyemnyooshea mwenzake makali, na kisu huenda bila ugomvi. Nikimpa Twahir, basi nitakuwa nimempa Twahir, nawe utakuwa umepewa na Twahir. Hakiwezi kupanda lori.

Mwambie mama yako apunguze magunia. Mimi mzima.

Mjomba wako,
Bizumuremyi

—

Gisenyi, 17 Oktoba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa furaha, na nimejirekebisha: safari hii salamu zimetangulia. Mama anasema magunia hayapungui kwa barua. Anasema pia ukatengeneze simu. Huku mvua haijachelewa hata kidogo. Barabara ya Mudende imekuwa uji, na magari ya viazi yanalala njiani.

Mila nimeikumbuka, na ninaiheshimu. Suluhisho ni jepesi: nitakuja mwenyewe. Ninaweza kuomba ruhusa mwanzoni mwa Novemba, nikalala kwako usiku mmoja, nikakiokota kisu kwa kuinama inavyotakiwa, na kurudi. Naomba kibali chako.

Wakati nikikusubiri, nimepitia visu vinavyopatikana hapa mjini ili niwe na msingi wa kulinganisha. Sokoni yuko mfanyabiashara wa vyuma, Habiyaremye, aliyerudi kutoka Kongo. Alinitolea kisu kikubwa kiasi kwamba watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo.

“Patron, angalia iyi,” akaniambia. “Iko na meno ku mugongo. Na hapa mwisho ya mpini iko na dira. Ukipotea, kisu yenyewe inakuonyesha njia.”

“Nikipotea Gisenyi nitauliza watu,” nikamjibu.

“Bon. Basi chukua iyi kidogo ya kukata vitunguu. Lakini mutu wa université, utasimama mbele ya wazungu na kisu ya mama?”

Nilicheka, lakini nilikitazama tena kile kikubwa kabla ya kuondoka. Nilishindwa kujua msuka wake unaishia wapi, kwa kuwa mpini umefunikwa wote kwa plastiki nyeusi. Naomba ushauri wako hapo. Na je, nichague chuma kisichoshika kutu, au kile cha kawaida kama chako?

Bwana Karenzi ametupa sharti jingine. “Kisu kinakaa mkobani mpaka tupite nyumba ya mwisho,” alisema. “Sitaki bibi kizee yeyote akione kiunoni mwako. Ukihitaji maelezo ya hilo, kazi hii huifai.” Hatukuomba maelezo; mwaka 1994 haujasahaulika huku.

Nilimwuliza Twahir kama alikuona ukiwa na afya njema. Akasema, “Mimi naacha kwa mwalimu. Mzee hatokei.” Nimedhani ulikuwa shambani.

Mpwa wako,
Sano

—

Kasulo, 20 Novemba 2023

Sano,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa kuwa Kabatesi alikuwa na mitihani ya kusahihisha, nami sina mwingine.

Usije sasa. Mvua imeanza na njia ya kutoka barabarani mpaka kwangu imekatika. Isitoshe, nyumba inapakwa upya na vitu vyote viko nje. Mihogo haijakomaa, utakuja ule nini? Ngoja kidogo.

Ulichouliza. Chuma kisichoshika kutu hung'aa na hakihitaji matunzo, lakini kikishapoteza makali kitakuchosha kukinoa ukiwa porini. Cha kawaida kitashika kutu ukikisahau usiku mmoja tu. Kipake mafuta, kifute, kirudishe kwenye ala kikiwa kikavu. Chochote kati ya hivyo kitafaa kama mwenyewe anafaa. Mpini ndio kisu. Bapa ni mazungumzo. Lowesha mkono kwa maji ya sabuni, kishike, piga kipande cha ukuni. Kikizunguka kiganjani, kirudishe dukani, hata kama kina dira, saa na redio.

Kuhusu msuka usioonekana: mtu akificha kitu, ana sababu.

Mwambie mama yako mimi mzima.

Bizumuremyi

—

Gisenyi, 28 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, isipokuwa uchovu. Wiki hii amekuwa akilala na viatu. Tunatumaini nyumba yako imekwisha kupakwa.

Niwie radhi nikisema jambo hili kwa uwazi kuliko inavyostahili. Kisu hakiwezi kutumwa, kwa sababu ni lazima nije. Mimi nisije, kwa sababu ya mvua, rangi na mihogo. Nimezisoma barua zako mbili nikiziweka sambamba, na nimeshindwa kupata mlango. Kama jibu ni hapana, nitalipokea. Nimeshapokea mengi ya aina hiyo tangu nihitimu. Ofisi za hapa huyatoa kwa karatasi nzuri yenye mhuri. Kutoka kwako ningependa tu kulisikia.

Majaribio ni Jumamosi tarehe 16 Desemba. Sikuweza kusubiri zaidi, kwa hiyo nimenunua kile chenye dira. Najua ulichosema. Nilikijaribu kwa mkono uliolowa na hakikuzunguka sana. Lakini ndicho kikubwa kuliko vyote, na Bwana Karenzi alisema kikubwa. Habiyaremye ameapa kwa jina la mama yake kwamba msuka unafika mwisho.

Hata hivyo nina ombi dogo, lisilovunja mila yoyote. Tandaza mkono wako wa kulia juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, kisha ukilaze kisu pembeni nacho ukizungushie. Mama husema mimi nimerithi kiganja chako. Nikiwa na mchoro huo, fundi seremala wa huku anaweza kunichongea mpini unaofanana na wako, utakaokaa kwenye bapa lingine. Angalau nitakuwa na umbo lake.

Mpwa wako,
Sano

—

Gisenyi, 18 Desemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na ninaandika kabla ya kulipata kwa kuwa ni bora uisikie habari hii kutoka kwangu.

Nilishindwa.

Tulipanda Mudende mvua ikinyesha. Juu kabisa, karibu na malisho, Bwana Karenzi alinunua kuni kwa mkulima mmoja, zikiwa zimelowa, akasema, “Nataka moto. Sitaki mafuta ya taa wala hotuba.” Nilijua la kufanya: kuni iliyolowa ni kavu moyoni, hivyo hupasuliwa. Niliweka makali juu ya kigogo nikawa nagonga mgongo wa kisu kwa rungu. Wakati huohuo nikaanza kueleza sababu za kuchagua bapa refu. Nilikuwa nimeyakariri maelezo hayo. Sikufika mbali. Bapa lilibaki ndani ya kigogo, limesimama kama ulimi, na mimi nikabaki na mpini. Msuka ulikuwa mfupi kuliko kidole changu kidogo. Dira ikaanguka ikabingirika matopeni.

Gwiza aliiokota, akaifuta, akaitazama. “Inaonyesha Goma,” akasema. “Labda inataka kurudi kwao.”

Kisha akanyoosha mkono kunipa kisu chake. Ni kisu kilichopauka, cha duka la nyama la baba yake, na bapa lake halifiki shubiri. Mimi nikasimama tu.

“Shika. Utakichukua lini?”

“Kiweke chini,” nikamwambia.

“Chini kuna matope.”

“Kiweke hivyo hivyo.”

Alimtazama Bwana Karenzi. Akakiweka matopeni, nikakiokota, nikapasua kuni, moto ukawaka. Ugali tulioula siku hiyo ulikuwa na moshi, lakini uliiva.

Gwiza ndiye kiongozi. Mimi ni msaidizi kwa muda wa kujaribiwa. Msafara wa kwanza wenye wageni utaondoka hapa Jumamosi tarehe 17 Februari alfajiri, na Bwana Karenzi amenieleza bila kuzunguka: “Wasaidizi niliowakataa ni wengi. Siku hiyo usipokuwepo, siku nyingine usije.” Nimemwahidi kwamba nitakuwepo. Kwa sasa hiyo ndiyo mali yangu yote.

Mama ananiambia nipumzike. Sijui ningepumzika kutoka kwenye nini.

Sano

—

Kasulo, 4 Januari 2024

Sano,

Heri ya mwaka. Marahaba, kwa zile zote ambazo sikuziitikia.

Nasikitika kwa kisu chako. Lakini kimekuvunjikia ukiwa na watu wawili na kuni za kununua. Kingeweza kukusubiri mpaka uwe na wageni. Huyo binti wa muuza nyama alikupa chombo chake mvua ikinyesha. Usimshindanie.

Mchoro huu hapa, umechelewa. Kabatesi ndiye aliyezungusha kalamu, mistari yake inatetemeka kidogo. Kisu kimelala upande wa chini, utaona mpini wake ulivyonenepa katikati.

Mbuzi yule mmoja aliyebaki amekua. Nyasi za kaburini zimeshika.

Mimi mzima.

Bizumuremyi

—

Gisenyi, 24 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Mchoro wako ulifika juzi. Nilimpelekea Mama uani, alikokuwa akichambua viazi, nikiwa na fahari kwamba nitamwonyesha jinsi viganja vyetu vinavyolingana. Alijifuta mikono kwa kitenge, akaichukua karatasi, akaigeuzia kwenye mwanga.

“Huyu hakuuweka mkono wake,” akasema. “Umewekwa.”

Nikamwambia mchoro ni mchoro, na kwamba mwalimu Kabatesi ameandika wazi kuwa mistari inatetemeka.

“Sitazami mistari. Weka wako hapo.”

Niliuweka. Vidole vyangu vilitawanyika vyenyewe, bila kuambiwa, kama vya mtu yeyote. Vyako vimeshikana, vimejikunja kuelekea ndani, na kidole gumba kimeingia chini yake kama mtoto anayejificha mvua.

“Mkono huu ulikuwa ukinishika kichwa chote,” Mama akasema. “Aliponivusha mto alinishika hivi, na maji hayakunigusa.” Akataka nimletee barua zako zote. Nilimsomea kuanzia ya kwanza. Nilipofika kwenye macho yaliyochoka, alinikatiza: “Macho hayamzuii mtu kupiga simu. Kinachomzuia ni mdomo.” Nilipofika kwenye nyasi zilizopandwa na majirani, alisema tu, “Julai. Alinyamaza Julai.” Kisha akarudi kwenye viazi vyake, na nikaona anaviweka vizima na vilivyooza katika gunia moja.

Mjomba, nimekuandikia kurasa na kurasa kuhusu upana wa mpini na jinsi ya kushika. Nilidhani unanibania kisu. Nimekuwa nikijiandaa kwa safari ya Februari kana kwamba hakuna jambo jingine chini ya jua.

Sitapamba swali hili. Mkono wako wa kulia unafanya kazi?

Sano

—

Kasulo, 3 Februari 2024

Mwanangu,

Hapana.

Wala mguu wa upande huo, isipokuwa asubuhi kidogo. Maneno yanatoka, ila yanatoka kama watu wanaoshuka kwenye basi lililojaa. Kabatesi husubiri mpaka wa mwisho ashuke.

Ilikuwa Julai, nikikata mkungu wa ndizi kwa kisu hichohicho. Kilianguka kwanza, nami nikafuata. Kabatesi ndiye aliyetuokota wote wawili.

Nilikuandikia uongo uliojengwa kwa ukweli. Kisu kweli hakipokezwi mkononi. Lakini pia siwezi kuinama nikakiweka. Nikijaribu kitaniponyoka, na kisu kilichoanguka si kisu kilichotolewa. Rangi ya nyumba na mihogo, hayo niliyatunga mwenyewe, na Kabatesi alikuwa akinitazama kwa jicho la kimwalimu huku akiandika.

Sababu unaijua, na mama yako anaijua zaidi. Angesikia Julai, angekuja na gari Julai. Ningewekwa chumba cha mbele huko Gisenyi, nipelekwe juani saa tatu na kurudishwa saa tano. Epiphanie amelala hapa. Nami sitaki kulishwa kwa kijiko na dada niliyemlisha.

(Mzee amekiweka kikombe pembeni. Chai imepoa. — K.)

Nimechoka kuficha, Sano. Kuficha kunataka mikono miwili.

Kwa hiyo sikiliza. Mwambie mama yako aje kunisalimu, asije kunibeba. Akikubali sharti hilo, njooni pamoja. Jumamosi tarehe 17 mwezi huu inatimia miaka sita tangu Epiphanie aondoke, na jioni majirani watakuja kusali. Ningependa mfike asubuhi, kabla nyumba haijajaa watu wa kunihurumia. Kama una shughuli siku hiyo, sema tu. Tarehe za watu zinanipotea siku hizi. Nimeambiwa niliambiwa jambo, silikumbuki, na nimemkataza Kabatesi kurudia kunisomea barua za nyuma kwa kuwa zinanichosha.

Kuhusu kisu, nimefikiri. Kabatesi atakiweka sakafuni mbele ya kiti changu. Kisha mimi mwenyewe nitakigeuza kwa mguu wangu wa kushoto, ulio mzima, mpaka mpini ukuelekee wewe. Tumekuwa tukifanya mazoezi kwa mwiko wa ugali. Sijui kama wazee wangeikubali njia hii. Wote wamekufa, siwezi kuwauliza.

Kimeshika kutu kidogo karibu na ncha. Njoo na mafuta.

Mjomba wako

—

Gisenyi, 9 Februari 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Mama amelikubali sharti lako. Ilimchukua siku mbili, na siku hizo hakuna aliyethubutu kumuuliza bei ya viazi. Haji na gari. Tutapanda basi la kwenda Kigali Ijumaa asubuhi, kisha la Rusumo, tulale mpakani. Amefunga unga wa mtama na kitenge cha kumfunika Epiphanie, kama anavyosema, ingawa nilimweleza kwamba kaburi lina nyasi.

Ninaleta mafuta na kinoo. Kile cha dira nimemrudishia Habiyaremye bapa na mpini mbalimbali. Alivitazama akasema, “Mama yangu alikufa zamani, patron, hawezi kukasirika,” akanipa kinoo.

Bwana Karenzi hajambo. Sina habari nyingine yake.

Umeniuliza kama nina shughuli tarehe 17. Sina. Mwambie mwalimu Kabatesi, kwa heshima zangu zote, kwamba nimeliandika neno hilo nikiwa nimelifikiria, na ninaomba alisome kama lilivyo.

Tutafika mlangoni pako Jumamosi tarehe 17 Februari, saa nne asubuhi kwa saa za kwenu, ambayo ni saa tatu kwa za kwetu. Tafadhali, Mjomba, usiinuke.

Mpwa wako,
Sano